Baada ya Sheria Kupitishwa: Asasi za Kiraia na Mageuzi ya Misitu Liberia, Kongo na Tanzania

Tarehe 2 Februari 2006, wiki mbili na ushei baada ya kuapishwa, Rais Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia alitia saini Amri ya Rais Namba 1. Kwa amri hiyo vibali vyote vya makampuni ya kuvuna misitu nchini mwake vilifutwa. Uamuzi ule haukufanywa kwa jazba. Kamati ya mapitio, ambayo asasi za kiraia zilikuwa na viti ndani yake, ilikuwa imekagua vitalu 70 na haikuona hata kimoja kilichotimiza masharti ya sheria. Maeneo yaliyodaiwa na makampuni yalipojumlishwa, yalikuwa mara mbili na nusu ya misitu yote ya Liberia. Msitu uleule ulikuwa umegawiwa watu wawili, watatu, na wanaoishi ndani yake hawakuulizwa na yeyote.

Raia wa Liberia walistahili kujivunia siku ile. Tangu Julai 2003 mbao zao zilikuwa chini ya vikwazo vya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa fedha za magogo zilikuwa zikilisha vita vya Charles Taylor, rais wa wakati huo. Sehemu ya ushahidi uliofikisha mambo hapo ilikusanywa kwa siri na wanaharakati wa ndani, na mmoja wao, Silas Siakor, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka huohuo wa 2006. Vita vilipokwisha, watu wa aina yake waliitwa kusaidia kutunga sheria mpya. Sheria ya Taifa ya Mageuzi ya Misitu ya 2006 iliagiza kwamba asilimia 30 ya kodi ya ardhi inayolipwa na makampuni iende kwa jamii zilizoguswa na uvunaji, na kwamba kampuni isiingie msituni kabla ya kukubaliana na jamii hizo kwa maandishi. Mwaka 2009 ikafuata sheria ya haki za jamii juu ya misitu. Mwaka 2011 Liberia na Umoja wa Ulaya wakasaini makubaliano ya hiari kuhusu uhalali wa mbao, na katika majadiliano hayo wakazi wa maeneo ya misitu walikuwa na wawakilishi wao wenyewe, mbali na asasi za Monrovia. Kwa vipimo vyovyote vya ushirikishwaji, ni nchi chache za Afrika zilizofika hapo.

Mwaka uliofuata, 2012, ikabainika kwamba vibali 63 vya aina nyingine vilikuwa vimetolewa vikibeba takriban hekta milioni 2.5, karibu robo ya nchi nzima. Viliitwa vibali vya matumizi binafsi. Ndani ya sheria ya 2006 kulikuwa na kifungu kidogo kilichomruhusu mwenye ardhi binafsi kuvuna miti yake. Hakikuweka ukomo wa ukubwa wa eneo, na kanuni za kukisimamia hazikuwa zimeandikwa. Makampuni yalipita humo humo. Vibali vingi vilijengwa juu ya hati za kale za ardhi inayomilikiwa na jamii kwa pamoja, zikageuzwa kana kwamba ni shamba la mtu mmoja, na baadhi ya hati hizo zilikuwa za kughushi. Tume maalumu ya uchunguzi ilitoa taarifa yake Desemba 2012, na Januari 2013 Rais akatoa amri nyingine ya kusimamisha uvunaji chini ya vibali hivyo.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu linapinga imani iliyoenea katika maandiko ya mageuzi ya misitu Afrika: kwamba asasi za kiraia zikishirikishwa kikamilifu katika kutunga sera na sheria, kazi kubwa imekwisha. Hoja yangu ni kwamba tumewapa raia nafasi katika hatua isiyo na hatari kubwa kwa wavunaji haramu, tukawaacha nje ya hatua ambako msitu hasa hupotea. Msitu hupotea ofisini baada ya sheria kupitishwa: kibali kinapogongwa muhuri, ramani inapochorwa, malipo yanapotoka akaunti moja kwenda nyingine. Huko raia hana kiti, na mara nyingi hana hata haki ya kuona karatasi.

Liberia ilijaribu kuziba pengo hilo kwa teknolojia. Kampuni ya kimataifa ya ukaguzi iliajiriwa kuweka mfumo wa kufuatilia kila mti: kisiki kinapigiliwa lebo ya plastiki yenye msimbo, gogo linapigiliwa nyingine, na namba hizo zinafuatwa mpaka bandarini. Ni kazi nzuri na ilihitajika. Lakini lebo hueleza gogo limetoka kisiki gani. Haiulizi aliyetoa kibali alikuwa na mamlaka gani, wala mzee wa kijiji aliyeweka dole gumba kwenye barua ya ridhaa alisomewa nini. Maswali hayo yaliulizwa na watu waliokwenda vijijini na nakala za vibali mkononi wakalinganisha majina, mipaka na saini. Hao walitoka asasi za Liberia, wakishirikiana na Global Witness, na ripoti yao ya 2012 ndiyo iliyoweka jambo hili hadharani. Nguvu yao haikutokana na mwaliko wa warsha yoyote. Waliipata kwa kushika karatasi.

Upande wa fedha ulikuwa mzito zaidi. Ile asilimia 30 iliandikwa kwenye sheria bila kificho, lakini ilipitia kwanza hazina ya serikali, kisha ilipaswa kwenda kwenye mfuko wa udhamini ambao jamii zina wajumbe ndani yake. Miaka ikapita. Vijiji vilivyoona malori yakitoka na magogo vilibaki vikidai malimbikizo, na vilipouliza vikaambiwa fedha ipo kwenye bajeti. Mwanakijiji anayeahidiwa mgao usiofika hupoteza imani na mageuzi yenyewe, na baada ya hapo hata taarifa ya wavunaji haramu haoni sababu ya kuitoa.

Kisha kuna gharama ya haki yenyewe. Ili jamii ya Liberia itambuliwe rasmi kuwa mmiliki wa msitu wake chini ya sheria ya 2009, ilibidi ipite hatua tisa: maombi, matangazo, utafiti wa kijamii, upimaji wa mipaka, uchaguzi wa kamati na nyinginezo. Kila hatua inahitaji usafiri, chakula cha mikutano, mpimaji, na siku za kazi za watu wanaoishi kwa kilimo. Fedha hizo vijijini hazipo. Kampuni za mbao zikajitokeza kuzilipa, na jamii iliyosaidiwa hivyo ikafika mwisho wa safari ikiwa tayari imeahidi miti yake kwa aliyeilipia. Sijui njia ya kunyang'anya haki iliyo ya adabu kuliko hii. Hakuna sheria iliyovunjwa waziwazi, na mihtasari ya mikutano yote imesainiwa.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inatoa somo la upande mwingine. Sheria yake ya misitu ilitiwa saini tarehe 29 Agosti 2002, ikiwa na mkono mzito wa Benki ya Dunia, wakati Kivu na Maniema zilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Watu wa mashariki, wasemaji wa Kiswahili ambao maisha yao yamo ndani ya msitu ule, walitungiwa sheria na Kinshasa isiyowatawala wakati huo. Kifungu cha 22 kiliahidi kwamba jamii inaweza kupewa msitu inaoushikilia kwa mila. Amri ya utekelezaji wake ilitoka Agosti 2014. Kwa miaka 12 haki ilikuwepo kwenye kitabu na hapakuwa na fomu ya kuidai.

Katika miaka hiyo kilichozaa majibu kilikuwa ni malalamiko. Mwaka 2005 mashirika ya jamii za asili za Kongo, Watwa na wenzao, yalipeleka shauri kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, yakisema mageuzi yanapangwa kana kwamba wao hawapo. Taarifa ya jopo ya 2007 ilikubali mengi: Benki ilikuwa imeelekeza macho kwenye uvunaji wa viwandani na ilishindwa kutambua watu waliokuwa msituni. Tofauti ya jopo na semina ni kwamba jopo lina wajibu wa kujibu kwa maandishi. Leo jamii za Walikale, Kivu Kaskazini, ni miongoni mwa zilizopata misitu yao kwa amri ile ya 2014, kila mmoja usiozidi hekta 50,000, kwa hati isiyo na ukomo wa muda inayosainiwa na gavana wa jimbo. Waliifikia kwa kuchora ramani za koo zao na kuketi na majirani mpaka mipaka ikakubalika.

Kwa Tanzania jaribio hili, la kulinganisha raia wenye karatasi na wasio nazo, limefanyika ndani ya sheria moja, tena katika ukanda mmoja wa nchi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, misitu ya kusini ilifikika kwa lori kutoka Dar es Salaam. Ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, ilionyesha kilichofuata: hadi asilimia 96 ya mapato ya serikali yaliyopaswa kukusanywa kwenye uvunaji ule yalipotea, na takwimu za China zilionyesha kuwa nchi hiyo iliingiza mazao ya misitu ya Tanzania mara kumi ya yale ambayo Tanzania yenyewe ilirekodi kuyauza. Kampeni ya Mama Misitu, ya kuhimiza utawala bora wa misitu, ilizaliwa kutokana na mshtuko huo.

Sheria ya Misitu ya 2002 ilikuwa tayari inafanya kazi wakati huo. Inasema kijiji kilichotangaza hifadhi yake ya msitu hupanga bei ya miti yake na kubaki na mapato. Vijiji vilivyokuwa na ardhi isiyotangazwa viliambulia makombo. Huko Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipima misitu yao, vikapitisha mpango wa usimamizi na sheria ndogo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC, cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii, vya kwanza barani Afrika. Katika kijiji cha aina hii mnunuzi wa mpingo hulipa akaunti ya kijiji, kisha wajumbe wa kamati ya maliasili huingia naye porini na tepu, wakapima, wakaandika, na gogo halisogei mpaka limepigwa nyundo ya alama. Huo ndio ushiriki ninaoutetea. Una daftari, na mwanakijiji yeyote anaweza kusimama mkutanoni kudai lisomwe.

Wapo wanaosema asasi za kiraia hazikuchaguliwa na mtu, zinaishi kwa fedha za wafadhili, na viongozi wao wanaijua hoteli ya semina kuliko wanavyoujua msitu. Shutuma hiyo ina ukweli wake na haifai kubezwa. Lakini tiba yake haiwezi kuwa kuwarudishia maofisa siri yao. Asasi ipimwe kwa karatasi inazofikisha kijijini: nakala ya mkataba, ramani ya kitalu, hesabu ya mgao. Isiyofikisha chochote isihesabiwe kuwa imemwakilisha mtu, hata kama imehudhuria kila kikao cha wizara.

Na wafadhili nao waulizwe. Upimaji wa kitaifa wa misitu ya Tanzania, uliotolewa 2015, ulionyesha kuwa vijiji vinamiliki asilimia 45.7 ya misitu yote nchini, lakini ni sehemu ndogo tu iliyokwisha tangazwa hifadhi za vijiji. Kinachokwamisha ni gharama ya kupima na kuandaa mipango, ambayo kwa kawaida hungoja mradi, na mradi huisha. Fedha za kongamano hupatikana kirahisi kuliko fedha za mpimaji.

Liberia sasa iko tena kwenye hatua hiyohiyo. Sheria ya Haki za Ardhi ya 2018 inatambua umiliki wa kimila hata pasipo hati, na inaitaka jamii ijitambulishe, iandike kanuni zake, ichague kamati, ikubaliane mipaka na jirani, kisha ardhi ipimwe. Asasi ziliipigania sheria hiyo kwa miaka mingi na zikashinda. Anayetaka kujua kama ushindi huo utafika msituni aanze na mstari mmoja wa bajeti, ule wa upimaji: nani anaulipa, na amemwahidi nini mwenye ardhi.