Dar mpaka Mwanza kwa ndege: kilomita ngapi, saa ngapi?

Najua wengi hapa mmefungua kumkatia mtu tiketi kwenye mtandao, au mmeitwa kwenye usaili Mwanza. Haya, nawawekea mambo yote sehemu moja.

UMBALI: Kutoka uwanja wa Julius Nyerere (DAR) mpaka uwanja wa Mwanza (MWZ) ni kama km 850 angani, sawa na maili 530. Kwa barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya km 1,100, kwa sababu barabara inazunguka wakati ndege inanyoosha.

MUDA WA NDEGE: Ndege ya jeti ni kama saa 1 na nusu. Ya mapangaboi inaweza kukaribia saa 2 au kuzidi kidogo. Ukipiga hesabu ya darasani, km 850 kwa mwendo wa km 800 kwa saa, unapata saa 1 na dakika chache tu. Mbona tiketi inasema zaidi? Kwa sababu muda wa tiketi unahesabiwa tangu ndege inaondoka kwenye maegesho mpaka inasimama kule. Ndani yake kuna kutembea chini, kupanda taratibu na kushuka taratibu. Ule mwendo mkubwa ni wa juu tu.

MUDA WA SAFARI NZIMA: Hapa ndo watu wanaumia. Chukulia ndege ya 07:00:
- 04:00 unatoka nyumbani
- 05:00 uko uwanjani
- 07:00 ndege inaondoka
- 08:30 inatua Mwanza
- 09:30 umechukua begi, uko mjini

Jumla saa 5 na nusu, siyo 1 na nusu. Usaili ukiwa saa tatu asubuhi, umeshaukosa hata kama ndege haikuchelewa dakika moja. Bora uende jana yake.

SAA YA TIKETI: Tiketi haisomi saa ya Kiswahili. 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ndo saa saba mchana. Ukiona 07:00 ukaenda uwanjani saa saba mchana, wenzako wameshafika Mwanza na samaki wameshakula. Na nauli nyingi za bei rahisi hazirudishwi, hela imekwenda. Kwa hiyo ukimkatia bibi au mjomba tiketi, mwandikie kwa kalamu pembeni: "saa moja asubuhi".

Dar na Mwanza saa ni moja, usibadilishe kitu, ila jua Mwanza linachelewa kuchomoza kama dakika 25 kwa kuwa iko magharibi zaidi. Ukienda Kigali au Bujumbura ndo unarudisha saa nyuma kwa saa 1.

Pia angalia kwenye tiketi unaondokea terminali ipi na kaunta inafungwa saa ngapi. Ikishafungwa, hata kama ndege unaiona kwa macho, hupandi.

Mwenye nyongeza aweke hapo chini. Safari njema!