Unahema wewe, mgonjwa anapata nini?

Kuna swali limenikaa kichwani tangu nilipokimbia kilomita 21 kuchangia matibabu ya moyo. Nilikuwa nimebakiza kama kilomita nne hivi, kukimbia kumeshanishinda, najikokota pembeni ya barabara na fulana imelowa chapachapa. Dereva mmoja wa bodaboda, aliyesimamishwa na trafiki ili sisi tupite, akaniuliza: "Braza, mnakimbizwa na nani?" Nikamwambia tunachangia wagonjwa wa moyo. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akacheka. "Sasa unahema wewe, mgonjwa anapata nini?"

Sikuwa na pumzi za kumjibu. Nimeenda kusoma, na leo najaribu.

Tuanzie mbali kidogo. Ile hadithi ya mjumbe wa Kigiriki aliyekimbia kutoka Marathon mpaka Athens mwaka 490 kabla ya Kristo, akatangaza ushindi kisha akaanguka na kufa, wengi tumeisikia shuleni. Wanahistoria wanaitilia shaka, kwa sababu Herodotus, aliyeandika miongo kadhaa baada ya vita ile, hakuitaja kabisa. Mbio zenyewe zilianza kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 1896, na umbali wa kilomita 42 na mita 195 ulitokana na Olimpiki ya London ya 1908. Kwa miaka mingi marathon ilikuwa ya wanariadha tu. Mzee wetu John Stephen Akhwari alipoingia uwanjani Mexico mwaka 1968, mguu umefungwa bandeji, wa mwisho kumaliza, hakuwa amebeba bakuli la mchango. Alikuwa amebeba nchi.

Bakuli lilikuja baadaye. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu mmoja kwa sababu ya saratani, alikimbia kwa siku 143 akivuka nchi yake ili kuchangisha fedha za utafiti. Mwaka 1988 baba mmoja wa New York, Bruce Cleland, ambaye binti yake alikuwa na saratani ya damu, alikusanya wakimbiaji 38 wakaingia New York City Marathon. Walipata dola 322,000. Utaratibu wao ndio huu tunaoutumia mpaka leo: mimi nakimbia, wewe ndugu yangu unatoa. Sisi tuliozoea kadi za michango ya harusi hatuhitaji maelezo marefu. Mkimbiaji ni kadi yenye miguu.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma, na sisi tulichagua moyo. Nairobi wana Mater Heart Run tangu miaka ya 1990, kwa ajili ya watoto wasio na uwezo wa kulipia upasuaji. Dar es Salaam, mbio za benki ya CRDB zilizoanza 2020 zimechangia upasuaji wa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Hapo jibu la yule dereva ni rahisi: mtoto ana tundu kwenye moyo, daktari bingwa yupo, chumba cha upasuaji kipo, kinachokosekana ni pesa. Mimi nahema, pesa inapatikana, mtoto anaingia chumba cha upasuaji.

Lakini je, kama ugonjwa wenyewe ni adimu kiasi kwamba hauna dawa wala upasuaji wa kuuponya, na daktari mwenyewe hajawahi kuusikia? Hapo unakimbilia nini? Swali hili ndilo lililonifikisha kwenye historia ya ugonjwa wa Barth.

Mwaka 1983 daktari wa Uholanzi, Peter Barth, na wenzake waliandika kuhusu ukoo mmoja ambao watoto wa kiume walikuwa wanakufa wangali wadogo. Wengine moyo ulichoka, wengine waliondoka na maambukizi ambayo miili yao haikuweza kupambana nayo. Ugonjwa unapita kwa mama, ambaye kwa kawaida yeye mwenyewe haumwi, na unawapata hasa wavulana. Kosa liko kwenye mitokondria, yale majiko madogo ndani ya seli yanayotengeneza nguvu ya mwili. Misuli inakosa nguvu, na moyo nao ni msuli.

Mwaka 1996 wanasayansi walipata jeni yenye kasoro. Protini yake wakaiita tafazini, kwa jina la Tafazzi, mhusika wa vichekesho vya televisheni ya Italia ambaye kazi yake ilikuwa kujipiga mwenyewe kwa chupa. Nadhani kwa utani huo walikuwa wanatuambia kazi yenyewe ilivyowatesa.

Sasa tazama hesabu. Marekani yenye watu zaidi ya milioni 330, wenye ugonjwa huu wanakadiriwa kuwa kama 150. Kampuni ya dawa ikishika kikokotoo inakimbia, na haikimbii kwa hisani! Ndiyo maana mwaka 2000 familia zenyewe ziliunda taasisi yao, Barth Syndrome Foundation. Wazazi, wajomba na marafiki wakaanza kuchangisha, na marathon ikawa mojawapo ya njia zao.

Pesa hizo zisingeweza kutengeneza dawa, tusidanganyane. Ila zilifanya mambo madogo yenye maana kubwa: ruzuku kwa watafiti, mikutano ambapo mzazi na mwanasayansi wanakaa meza moja, na rejista ya wagonjwa. Siku kampuni moja ilipokuja na dawa iitwayo elamipretaidi, wagonjwa walijulikana wako wapi.

Jaribio lile lilikuwa na watu 12 tu. Na moja ya vipimo vyake vikuu ndicho kilichoniacha mdomo wazi: mgonjwa anaweza kutembea umbali gani kwa dakika sita. Yaani ndugu anakimbia kilomita 42 ili mtoto aongeze mita kadhaa ndani ya dakika sita.

Katika wiki 12 za kulinganisha dawa na maji matupu, tofauti haikuonekana. Wagonjwa walioendelea na dawa kwa muda mrefu ndio walioonyesha maendeleo. Ukazuka mvutano wa miaka na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA. Mei 2025 ikakataa. Septemba 2025 ikakubali kwa masharti, kwa msingi wa nguvu za misuli inayonyoosha goti, na kampuni inatakiwa bado kuthibitisha faida yake. Ilikuwa dawa ya kwanza kabisa kuidhinishwa kwa ugonjwa huu. Kutoka 1983 mpaka 2025 ni miaka 42, namba ileile ya kilomita.

Sherehe yenyewe ina dosari. Kibali kile kilihusu wagonjwa wenye uzito wa kilo 30 na kuendelea. Watoto wachanga, ambao ndio hatari inawakabili zaidi, waliachwa nje.

Kwa hiyo dereva wangu, jibu ni hili. Kwa ugonjwa ulio adimu, ninapohema mgonjwa hapati dawa kesho asubuhi. Anapata kuhesabiwa. Anapata watu wa kuuliza swali lake mwaka huu, na mwaka ujao, mpaka mtu fulani alijibu.

Hata hivyo sipendi tuishie kupiga makofi. Ugonjwa usingepaswa kusubiri uwe na ndugu wenye miguu mizuri na marafiki wenye mishahara. Fikiria mtoto wa kijijini mwenye ugonjwa kama huu, mahali ambapo kipimo cha jeni hakifiki. Anaweza kuzikwa kwa jina la nimonia, na hakuna atakayemkimbilia kwa sababu hakuna aliyejua alikuwa na nini. Hilo ni suala la bima, maabara na bajeti, na haliishi kwa fulana.

Basi ukiletewa kadi ya mbio usiitupe, lakini uliza: pesa inaenda kwa nani, kiasi gani kinafika, na mwaka ujao mtakuwepo? Mimi nimejiandikisha tena. Kilomita nne zile bado zinanidai.