Herufi za Kiafrika kutoka Offenbach

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutengeneza jalada la kitabu cha hadithi za watoto. Mteja hakuwa na maagizo mengi: rangi ya machungwa, mti wa mgunga, na herufi "zenye Uafrika". Sikuuliza maana yake. Nilifungua kompyuta, nikapitia orodha ya fonti, na mkono ukaenda wenyewe kwenye Neuland. Mteja alifurahi, nami nikalipwa.

Huenda jina ni geni kwako, lakini herufi zenyewe umeshaziona. Ni nene, nyeusi tii, zote kubwa. A imekaa kama pembetatu nzito, O inakaribia duara, na kingo hazijanyooka sawasawa, kana kwamba mtu amezichonga kwa tezo kwenye gogo. Bango la filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 lilitumia herufi za ukoo huo. Zimepamba pia matangazo ya safari za mbugani na vitabu vingi kuhusu watu weusi. Mimi niliziona mara nyingi mno hata nikaamini kwamba zimetoka kwetu.

Hazikutoka kwetu. Zilitoka Offenbach, mji wa Ujerumani ulio jirani na Frankfurt, mwaka 1923. Aliyezitengeneza ni Rudolf Koch, Mlutheri mcha Mungu na mwalimu wa sanaa ya herufi, ambaye alikuwa amefanya kazi na kiwanda cha kusubu herufi cha Klingspor tangu mwaka 1906. Kwa kawaida msanii alichora herufi kwenye karatasi kwanza, kisha fundi akazichonga kwenye chuma. Koch aliiruka karatasi. Alishika zana akachonga moja kwa moja. Kwa kuwa kila saizi ilichongwa peke yake, A ya saizi moja hailingani kabisa na A ya saizi nyingine. Herufi ndogo hakuziweka.

Neuland maana yake ni ardhi mpya. Nilipolijua hilo nilishtuka kidogo, kwa sababu miaka minne tu kabla yake Mkataba wa Versailles ulikuwa umeipokonya Ujerumani makoloni yake, nchi tuliyokuja kuiita Tanganyika ikiwemo. Lakini kosa halikuwa la jina. Koch alikuwa akitafuta ardhi mpya katika ufundi wake, na katika herufi zile hakuna mstari hata mmoja aliouchukua Afrika.

Basi Uafrika ulipandia wapi? Nadhani ni kwenye ule mkwaruzo wa patasi. Kabla ya Koch, wachoraji wa kundi la Die Brücke, lililoanzishwa Dresden mwaka 1905, walikuwa wakitazama vinyago vya Afrika na Oseania kwenye makumbusho, kisha wakichonga picha zao kwenye mbao kwa makusudi zionekane hazikupigwa msasa. Machoni pa Wazungu wengi wa wakati ule, kitu kilichochongwa bila kulainishwa kilikuwa kitu cha watu "wasiostaarabika". Neuland ilifanana na kitu hicho. Wachapishaji wa Marekani walipotaka jalada liseme "mweusi" au "msituni" kabla msomaji hajasoma neno, waliikuta tayari.

Mwaka 2004 msanifu wa Marekani Rob Giampietro aliandika insha akihoji desturi hiyo. Pamoja na Neuland aliitaja Lithos, fonti nyingine inayovalishwa Uafrika. Carol Twombly aliitengeneza mwaka 1989 akifuata maandishi ya mawe ya Ugiriki ya kale. Hivyo ukitaka kitu "cha Kiafrika" dukani, unachagua kati ya Mjerumani na Mgiriki.

Nilipomaliza kusoma hayo niliinuka nikaenda kwenye sanduku la mama. Nilitoa kanga moja baada ya nyingine, nikaacha maua na mikorosho, nikatazama jina tu, ule msemo wa chini. Zamani majina ya kanga yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Baadaye zikashika herufi za Kirumi. Katika kanga za mama zote ni herufi kubwa, zimesimama wima, nene kiasi cha kusomeka na jirani aliye upande wa pili wa uchochoro. Hazina mkwaruzo wowote. Hakuna aliyezitengeneza zionekane za Kiafrika, kwa kuwa mama na jirani hawakuhitaji kukumbushwa wako wapi. Zilihitaji kusomeka, basi, maana ujumbe wenyewe ulikuwa mkali.

Siichukii Neuland. Kazi ya mkono wa Koch ni nzuri, na herufi haina kosa kwa namna ilivyovalishwa. Kinachoniuma ni kwamba mtoto wa hapa alifungua kitabu cha hadithi za kwao akakaribishwa mlangoni na picha ya mgeni kuhusu yeye, na aliyeibandika ni mimi.

Jalada lile siwezi kulirudisha. Ila siku hizi mteja akiniambia anataka Uafrika, namuuliza: wa mji gani, na nani anausoma? Wengine hukasirika. Wengine hunyamaza kidogo, halafu huanza kunisimulia kitabu chenyewe kinahusu nini.