Waranti, Lori na Boom: Safari ya Kurudi Mlimani kutoka Keza

Likizo ndefu ikikaribia kwisha, nyumba yenye mtoto wa chuo huko Keza huanza kupiga hesabu. Kuna nauli ya basi, kuna pesa ya kushikilia chumba, kuna ya kula wiki za mwanzo kabla mkopo haujaingia. Maharage hupelekwa gulioni, kahawa ya msimu hugeuzwa noti, na mjomba mwenye duka hupigiwa simu. Keza ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika nchi ya Wahangaza na Washubi, na kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200. Umbali huo haujabadilika tangu enzi za Mjerumani. Kilichobadilika ni nani anaulipia.

Kabla ya Uhuru, chuo kikuu kwa mtu wa mkoa huu kilikuwa Uganda. Makerere ilianzishwa mwaka 1922, na Julius Nyerere alisoma huko kuanzia 1943. Kijana wa Bukoba alipanda meli ziwani akaelekea Uganda. Kwa wa Ngara, hata kuifikia hiyo bandari ya Bukoba ilikuwa safari nzima. Waliobahatika walihesabika.

Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Mwaka 1964 kikahamia kilimani karibu na Ubungo, pakawa Mlimani hadi leo. Serikali changa ilihitaji wataalamu kwa haraka, ikaamua kuwasomesha bure: ada, kitanda, chakula na hata safari. Mwanafunzi alipewa waranti, karatasi ya kuonyesha stesheni badala ya fedha. Kazi iliyobaki ilikuwa kuifikia hiyo stesheni. Mtu wa Ngara alipanda lori hadi Biharamulo, akaendelea Geita, akasubiri kivuko cha Busisi, kisha Mwanza akakamata gari moshi la reli iliyofika mji huo mwaka 1928. Huko ndani ya behewa ndiko likizo ilikoishia. Wanafunzi wa Ziwa walikutana, wakapashana habari za nyumbani, wakagawana ndizi na karanga, na treni ilipopita Tabora na Dodoma walikwisha kuwa watu wa chuo tena.

Kurudi chuoni hakukuwa haki ya kudumu, na mwaka 1966 wengi walilijua hilo kwa uchungu. Serikali ilikuwa imetaka wasomi wapitie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza papo hapo kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Mtu aliyeagwa kijijini kama msomi wa kwanza wa ukoo alirejea bila cheti wala likizo, na kuwaeleza wazee jambo hilo bila shaka kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote. Wengi walipokelewa tena chuoni mwaka uliofuata.

Azimio la Musoma la 1974 lilibadilisha hata sura ya wanaorudi. Aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza aende jeshini, afanye kazi, na apate barua ya mwajiri na ya chama. Mabweni yakajaa watu wazima, wengine wenye wake, waume na watoto. Kwa mtu wa namna hiyo kuzoea chuo upya kulikuwa na maana nyingine kabisa: jana alikuwa baba akiamua mambo ya shamba, leo anapanga foleni na sahani mkononi.

Kisha pesa ikaanza kuadimika. Miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa nchi nzima, na chuoni maji, vitabu na chakula vilipungua huku wanafunzi wakiongezeka. Mei 1990 serikali ilifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya mgogoro mrefu, na wanafunzi wakarudishwa nyumbani kusubiri. Haukupita muda ikaja sera ya kuchangia gharama, na inafaa kukumbuka ilianzia wapi: katika awamu ya kwanza, mwaka wa masomo 1992/93, miongoni mwa mizigo ya mwanzo kutwishwa mabegani mwa mwanafunzi ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi chuo. Kwa mtoto wa Kibaha hiyo ilikuwa nauli ya daladala. Kwa wa Keza ilikuwa magunia. Sera moja, kipimo kimoja, lakini ramani haikutazamwa.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na eneo la Benaco likageuka mji wa maturubai. Silaha zilizagaa ukanda mzima. Kwa miaka mingi baadaye mabasi yalipita mapori ya Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki. Ziwani, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaharibu reli ya kati. Barabara ya Dodoma, Singida na Nzega ilikuwa bado vumbi na matope, kiasi kwamba mabasi mengi ya Kanda ya Ziwa yalizunguka kupitia Nairobi ili kufika Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Tanzania alitoka nchini ili aende chuo cha Tanzania.

Aliyefika salama alikuta vita nyingine: kitanda. Vyumba havikutosha, kwa hiyo mwenye nafasi alimbeba asiye nayo, wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, mzungu wa nne. Kubebana hakukuwa kwenye kanuni za chuo, lakini ndiko kulikowafikisha wengi mahafali. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa Aprili 2017 kwa wanafunzi 3,840, zilipunguza msongamano ingawa hazikuumaliza. Mchana watu huhamia kwenye vimbweta, meza za zege zilizo chini ya miti, kupiga msuli na kuulizana jambo moja: boom limetoka?

Boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, ndilo waranti ya kizazi hiki, isipokuwa hili hudaiwa. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005, hutoa fedha za chakula na malazi zilizopanda kutoka shilingi 7,500 kwa siku mwaka 2011 hadi 8,500, kisha 10,000 kuanzia 2022/23. Zikichelewa, ugali wa mkopo kwa mama ntilie ndio unaookoa, na anayetoka mbali huumia zaidi kwa sababu akiba yake imeliwa njiani.

Njia yenyewe imelainika. Lami imeunganika, mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku tangu 2023, na Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilometa 3 lilichukua nafasi ya kivuko kilichowasubirisha babu zao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinajenga tawi mkoani Kagera, upande wa Bukoba. Watu wa mjini husema sasa chuo kimewafuata wanafunzi nyumbani. Huko Keza wanajua kwamba Bukoba nayo iko mbali, mwendo wa saa nyingi kupitia Biharamulo na Muleba, na nauli yake bado ni ya maharage.