Nani Hulipia Reli?



Asiyepata kupanda gari la moshi pengine amepata kulisikia likilia usiku, au amekula chumvi na kuvaa nguo zilizoletwa nalo. Abiria akiisha kutoa nauli yake dirishani hudhani amelipa kila kitu. Lakini nauli ile ni ya safari yake tu. Je, njia yenyewe, yaani vyuma, mataruma, madaraja na stesheni, ni nani aliyeilipia? Na aliyeilipia ndiye aliyefaidika nayo? Leo twapenda kulijibu swali hili kwa kuwasimulia habari za reli iliyojengwa kutoka Mombasa mpaka Ziwa Victoria, maana ndani yake mna mafunzo kwa kila nchi inayotaka kujenga njia kubwa.

Kabla ya reli, mizigo ya bara ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa ratili sitini hivi, na msafara uliotoka pwani kwenda Buganda ulikaa njiani kiasi cha miezi mitatu, ukipita nyika ya Taru isiyo na maji, ukapanda milima, ukashuka katika bonde kuu la ufa, kisha ukapanda tena. Gharama ya safari hiyo ilikuwa kubwa mno, hata bidhaa nyingi hazikustahili kusafirishwa. Pembe za ndovu ziliweza kulipa gharama yake. Mahindi na ngozi hazikuweza.

Katika mwaka wa 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa katika Afrika, na mojawapo ya njia zilizotajwa ni kujenga reli, ili watu wasiwe tena vyombo vya kuchukulia mizigo. Wakati huo sehemu ya Waingereza katika Afrika Mashariki ilikuwa mikononi mwa kampuni iliyopewa hati na Malkia katika mwaka wa 1888. Kampuni ile ilitamani reli, lakini mfuko wake ulikuwa mwepesi. Katika miaka ya 1891 na 1892 Kapteni Macdonald alitumwa kupima njia, naye akakisia ya kuwa gharama itapita kidogo pauni milioni mbili. Kampuni haikuweza kuupata hata mwanzo wa fedha hiyo. Katika mwaka wa 1895 ikaiacha nchi, na serikali ya Uingereza ikaishika.

Basi katika mwaka wa 1896 Bunge la Uingereza likakubali kutoa pauni 3,000,000. Palikuwa na wajumbe waliopinga kwa maneno makali, kama Bwana Labouchere, aliyeuliza reli hiyo itabeba nini na kwa faida ya nani. Waliounga mkono walitaja utumwa, biashara, na zaidi ya yote usalama wa Uganda na chemchemi za mto Naili. Yafaa tuliweke jambo hili moyoni: reli ile haikupangwa kwa sababu mizigo ilikuwa imerundikana ikingoja. Ilipangwa kwanza kwa siasa ya mataifa makubwa, na mizigo ikaachwa itafutwe baadaye.

Mwezi wa Mei, 1896, reli ya kwanza ikalazwa Mombasa, na mkuu wa kazi alikuwa Bwana George Whitehouse. Mara hesabu za karatasini zikaanza kuhitilafiana na nchi yenyewe. Nyikani hapakuwa na maji, ikawa lazima maji yapelekwe kwa gari kila siku kuwafuata wajenzi. Wanyama wa kuchukua mizigo walikufa kwa mbung'o na kwa maradhi mengine. Huko Uingereza mafundi wa viwanda vya mashine walikuwa katika mgogoro na matajiri wao tangu katikati ya 1897 mpaka mwanzo wa 1898, na vyombo vilivyoagizwa vikachelewa. Katika mwaka huo wa 1897 askari wa Kisudani waliasi Uganda, na vyombo vya safari vilivyotakiwa kwa reli vikapelekwa vitani. Katika 1898 simba wawili wakawashambulia wajenzi wa daraja la Tsavo hata kazi ikasimama. Na mvua ziliponyesha, tuta lililojengwa kwa majuma mengi liliweza kuchukuliwa na maji kwa usiku mmoja.

Tena palikuwa na milima. Nairobi ilifikiwa mwezi wa Mei, 1899, lakini mbele yake lilikuwapo bonde la ufa, ambalo ukingo wake ulikuwa mkali hata kwa muda magari yakateremshwa kwa kamba za chuma. Baada ya bonde ukaja mlima wa Mau, na njia ikapanda zaidi ya futi 8,000 juu ya bahari. Kati ya hapo na Ziwa yalihitajiwa madaraja ya chuma 27, ambayo yalitengenezwa Marekani. Bunge likaombwa fedha mara ya pili, na likaombwa tena.

Gharama haikuwa ya fedha peke yake. Kutoka Bara Hindi waliletwa wafanya kazi wapatao 32,000, na pamoja nao walifanya kazi watu wa pwani na wa bara. Katika wale Wahindi, karibu 2,500 walikufa kwa homa, kwa kuhara, kwa ajali na kwa mambo mengine. Ukigawanya hesabu hiyo kwa urefu wa njia, utaona ya kuwa kila maili moja ilichukua roho zaidi ya nne. Wengi wa waliosalia walirudi kwao walipokwisha mapatano yao, na maelfu kadhaa wakabaki.

Mwezi wa Desemba, 1901, reli ikafika Ziwani, mahali paitwapo Kisumu. Urefu wake ulikuwa maili 582. Gharama yote ilifika kiasi cha pauni milioni tano na nusu, yaani karibu mara mbili ya fedha iliyokubaliwa katika 1896, zaidi ya pauni 9,000 kwa kila maili. Na ajabu ni kwamba reli iliyoitwa ya Uganda haikuwa ndani ya Uganda, kwa kuwa katika mwaka wa 1902 mpaka ulisogezwa, na njia yote ikawa katika nchi iliyoitwa baadaye Kenya.

Sasa lile swali la Bungeni likarudi: reli itabeba nini? Gari lilipanda na vyombo vya serikali na bidhaa za wafanya biashara, likashuka karibu tupu. Injini ilikula kuni na maji iwe na mzigo au isiwe na mzigo. Walinzi wa njia hudai mishahara yao abiria wawepo au wasiwepo. Serikali ya Uingereza ilitaka fedha yake ionekane ina matunda, na isiwe inaongeza nyingine kila mwaka.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Mkuu wa nchi, Sir Charles Eliot, aliyetawala tangu 1900 mpaka 1904, aliona ya kuwa njia ya kuifanya reli ijilipe ni kuwaalika walowezi wa Kizungu walime katika nyanda za juu ambako reli imepita. Sheria ya ardhi ikatolewa katika 1902, na mashamba yakaanza kugawiwa. Lakini nchi ile ilikuwa na wenyewe. Katika mwaka wa 1904 Wamasai walitiwa katika mapatano ya kuyaacha malisho yao ya bonde la ufa yaliyo karibu na reli, wakahamishwa wengine kwenda Laikipia na wengine kusini. Hawakukaa Laikipia miaka kumi, wakahamishwa tena baada ya mapatano ya 1911. Wanandi, waliokuwa wakiipinga njia hiyo kwa silaha, walipigwa vita, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa katika mwezi wa Oktoba, 1905; kisha watu wake wengi wakasukumwa mbali na reli.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyofuatana. Waliopanga walihesabu vyuma, mataruma na mishahara. Hawakuhesabu mizigo itatoka wapi. Pengo lile la hesabu halikukaa wazi, liliwekewa ardhi. Mchungaji wa Naivasha hakuketi katika Bunge la London, wala hakuulizwa kama yuko tayari kuchangia, lakini malisho yake yakawa sehemu ya malipo.

Na jambo la kushangaza zaidi ni kwamba mzigo mwema haukutoka kwa walowezi peke yao. Tangu mwaka wa 1904 wakulima wa Uganda walianza kupanda pamba katika mashamba yao madogo. Pamba ile ilivuka Ziwa kwa meli mpaka Kisumu, ikashuka Mombasa kwa reli, na mwaka hata mwaka ikazidi, hata ikawa nguzo kubwa ya mapato. Mkulima wa jembe la mkono, aliyebaki katika ardhi yake mwenyewe, alikuwa mteja mkubwa wa reli. Hata hivyo njia za matawi zilizojengwa katika miaka ya 1920, kama zile za Solai na Kitale, zilielekea kwanza kwenye mashamba ya walowezi. Kampala yenyewe haikufikiwa na reli mpaka mwaka wa 1931.

Majirani upande wa kusini walijifunza somo jingine. Wajerumani walianza reli ya Tanga katika mwaka wa 1893 kwa mikono ya kampuni. Kufika 1896 njia ilikuwa Muheza, maili 25 tu, na fedha ikakauka. Serikali yao ikalazimika kuichukua katika 1899, na Moshi haikufikiwa mpaka mwaka wa 1911. Lakini walipoanza reli ya kati kutoka Dar es Salaam katika mwaka wa 1905, serikali ilikwisha kuwadhamini wenye mitaji riba ya fedha yao. Njia ikafika Morogoro mwaka wa 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Reli ya Tanga ilichukua miaka 18 kwenda maili 219. Ile ya kati ilichukua miaka tisa kwenda karibu maili 780. Tofauti kubwa ilikuwa uhakika wa fedha ya kesho. Walakini hata mpango ule haukuweza kuiona vita, iliyoanza katika mwaka ule ule reli ilipokwisha, na wenye kuijenga wakainyang'anywa.

Tangu siku hizo njia nyingine zimejengwa. Tanzania na Zambia zilipotaka reli ya kuwaunganisha, wakopeshaji wa nchi za magharibi walisema haitajilipa. Uchina ikatoa mkopo usio na riba, kazi ikaanza katika mwaka wa 1970, na njia ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ikakabidhiwa mwaka wa 1976. Iliivusha Zambia katika siku ngumu, lakini mizigo yake haikupata kufika tani milioni mbili kwa mwaka kama ilivyokusudiwa, na utunzaji wake ukawa mzigo mzito kwa nchi zote mbili. Nayo Kenya, ilipotaka reli mpya ya kutoka Mombasa mpaka Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, ilikopa Uchina, na tangu 2013 ikaweka ushuru wa reli juu ya bidhaa ziingiazo nchini. Basi hata mtu asiyepata kuliona gari lile, akinunua kitu kilichotoka ng'ambo, ametoa senti zake katika reli.

Wazee wetu walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakumaanisha ya kwamba mtu asikope kamwe. Wangapi wangejenga nyumba bila mkopo? Walimaanisha ya kuwa siku ya ngoma mtu aikumbuke siku ya kulipa. Reli hujengwa kwa miaka mitano au kumi, lakini hulipiwa na kutunzwa kwa miaka hamsini na zaidi, na wengi wa walipaji hawajazaliwa siku jiwe la kwanza linapowekwa.

Kwa hiyo kila mara mpango wa njia kubwa unapoletwa mbele ya watu, na wauulize maswali matatu. La kwanza: fedha ya kuimaliza iko tayari, au ni ya kufika Muheza tu? La pili: itabeba nini siku ya kurudi, na nani atakayeitunza vyuma vikianza kulika? La tatu, ambalo katika 1896 halikuulizwa kwa sauti kubwa: hesabu ikipungua, nani atatakiwa kulijaza pengo, na je, mtu huyo ameulizwa?

Safari nyingine mtakaposikia gari la moshi likilia usiku, kumbukeni ya kuwa nauli ya dirishani ni sehemu ndogo tu ya bei yake.