Serkle ya wafanyakazi: pombe, kisanduku na daftari moja

Bandugu, kwenye mkutano wetu wa mwisho mtu mmoja alisema chama cha sisi wenye kumaliza universite kisigeuke "serkle ya wazee ya kunywa Simba". Tukacheka wote. Lakini kambo yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha Shituru, kule Likasi, na serkle ya kambi yao niliijua utotoni. Naona tunaicheka juu hatujui historia yake.

Tuanze na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Mara ya kwanza ilikuwa inachukua watu kwa miezi michache tu: wengi wanagonjwa, wengine wanatoroka, na kazi ya kutafuta watu inaanza upya. Kuelekea 1928 ikageuza mpango: mikataba ya miaka 3, mtu aje na bibi yake, watoto wazaliwe kambini. Daktari Léopold Mottoulle njo alikuwa mkubwa wa ile siasa. Nyumba, hospitali, masomo ya wamisionere, posho ya unga. (Kama agronome siwezi kupita hapa kimya: mahindi mengi yalitoka Rhodesia, na mpaka leo Katanga inangojea makamyo ya Zambia.) Serkle ilikuwa ndani ya ile hesabu. Mtu anayekunywa mbele ya macho ya wakubwa wa kambi, anayecheza mupira, anayeangalia sinema, atapata wapi wakati wa kupanga mambo usiku?

Lakini watu wakikutana, wanakutana. Hata mbele ya serkle, Elisabethville ya miaka ya 1920 ilikuwa na mbeni, ngoma iliyotoka pwani ya Kenya, na mavazi na vyeo vya kuiga jeshi. Wazungu waliiangalia kwa wasiwasi. Ndani yake watu walisaidiana kwenye ugonjwa na kwenye kilio. Ile tabia haikukufa. Na mu Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma juu ya mshahara, walikusanyika kwenye uwanja wa mupira wa kampuni, mahali walipopewa kwa kuchezea. Gavana Maron alikuwa pale, waaskari wakapiga bunduki, makumi ya watu wakakufa.

Kulikuwa pia serkle ingine, na hapa inatugusa sisi. Makarani na walimu wa Elisabethville walikuwa na Cercle Saint-Benoît, chini ya mapadri Wabenedikto. Pale walisoma vitabu, walijadiliana kwa Kifaransa kizuri, walingojea karte ya "mérite civique" iliyoanzishwa 1948. Sisemi walikosa akili, hapana. Lakini mtu wa kusukuma kigari ndani ya mgodi hakuwa na kiti pale. Nikisoma ujumbe wetu wa kila juma, vyeo vyetu, Kifaransa chetu, naona tunafanana na Saint-Benoît kuliko serkle ya kambo.

Ya kambo ilikuwa nini? Chumba kirefu, mabenchi, redio, meza ya kuuzia chupa. Wanawake hawakukaa pale. Wao walipelekwa foyer social kujifunza kushona, na mimi naona hilo lilikuwa kosa kubwa, juu unga wa posho ulihesabiwa na wao. Siku ya mshahara kulikuwa kelele, madeni, wakati ingine mangumi. Lakini karibu na meza kulikuwa kisanduku cha bati. Kambo alisema: "Kama kuko kilio, hakuna mutu ananunua chupa mbele hajatia franga mu kisanduku." Hawakuuliza marehemu alikuwa wa kabila gani. Baluba wa Kasai, Babemba, Bahemba, Balunda, wote Kiswahili kimoja, kile cha kazi.

Mtunza kisanduku alikuwa Mukasai, karani mwenye mwandiko mzuri. Aliandika kila kitu ndani ya daftari: jina, franga, "kilio ya mama", "mutoto hospitali", "nyumba imeungua". Mwaka wa 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga. Pale Likasi maelfu yao walilala kwenye gare na ndani ya masomo, wakingojea treni, na watu wengi walikufia pale. Waliowafukuza walikuwa majirani. Wengine, kambo hakuficha, walikuwa watu wa serkle ileile. Kisanduku hakikuzuia kitu. Wenye kupenda kusema wazee waliishi bila ukabila, wakumbuke hiyo.

Mbele ya kwenda gare, karani alipita usiku kuachia kambo daftari. Kisha Gécamines yenyewe ikaanguka. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa Banki ya Dunia, na wazee wa serkle wakatawanyika. Ile nyumba leo inakodishwa kwa ndoa.

Daftari niko nalo. Ukurasa wa mwisho si mwandiko wa karani, ni wa kambo, mbaya, herufi kubwa. Juu aliandika jina la karani na "safari". Chini kuko majina 11 na franga zao. Siku zile tu, zaidi ya 40 walikuwa wanatoa.