Historia ya projekta: kutoka lori la Vugiri hadi ukumbi wetu wa Ayany

Leo naweka pembeni mambo ya kuandika programu. Nataka tuzungumze kuhusu projekta, ile mashine ambayo kila mtu hutazama picha yake ukutani lakini hakuna anayeiangalia yenyewe mpaka siku inapozima. Usicheke. Mashine hii ina historia ndefu katika Afrika Mashariki, ndefu kuliko ya kompyuta, na historia hiyo ingetuokolea pesa hapa Ayany kama ningeijua mapema.

Mwaka 2018, nikiwa bado chuoni, nilikuwa nafunza kompyuta kila Jumamosi katika ukumbi mdogo si mbali na steji ya matatu za namba 8. Wanafunzi walikuwa kama thelathini, wengi kutoka Ayany na Olympic, wachache kutoka Makina. Laptopu ilikuwa moja. Watoto thelathini hawawezi kuchungulia skrini ya inchi 14, kwa hiyo wazazi walichanga, mia mbili huyu, mia tano yule, tukaenda Luthuli Avenue tukanunua projekta ya mitumba kwa shilingi 18,000. Siku ya kwanza ilipowaka watoto walipiga makofi. Mimi pia nilipiga!

Miezi minne baadaye, katikati ya somo, ilitoa mlio kama glasi inayokanyagwa, ukuta ukawa mweusi. Taa imepasuka. Fundi akatuambia taa mpya ni shilingi 14,000, karibu bei ya mashine nzima. Nani angewaendea wazazi walewale tena? Mimi sikuwa na uso huo. Darasa lilikaa miezi saba bila projekta na nusu ya wanafunzi hawakurudi. Kwa muda mrefu nililaumu mitumba. Ukweli ni kwamba aliyeiua taa ile ni mimi, na nitaeleza jinsi gani.

Siku ile tulipokuwa tumesimama nje tukisikitika, alipita jirani yetu, mzee ambaye ujanani alifanya kazi na magari ya sinema ya serikali. Tukamsalimu, akauliza kuna nini, tukamweleza. Akauliza swali moja tu: "Opereta wenu ni nani?" Nikamjibu, "Hatuna opereta, mzee. Kila mwalimu anaiwasha mwenyewe." Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Swali hilo lilinisumbua. Opereta wa nini? Si unabonyeza tu kitufe? Ndipo nikaanza kusoma. Nilitarajia hadithi ianzie Japani au Marekani, nikajikuta Vugiri, kwenye milima ya Usambara, karibu na Korogwe.

Hapo Vugiri, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Uliongozwa na Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge na kuwaonyesha vibarua wake sinema tangu miaka ya 1920, pamoja na G. C. Latham aliyeshughulikia upande wa elimu. Pesa zilitoka hasa Carnegie Corporation ya New York. Walitengeneza filamu kama 35 za milimita 16, kuhusu kilimo, akiba ya posta, minyoo ya safura na mengineyo, kisha wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi.

Kilichonifurahisha mimi kama mtu wa programu ni sauti. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilikuwa kwenye santuri iliyochezwa sambamba na picha. Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu lugha njiani zilikuwa nyingi. Picha inabaki ileile, unabadilisha santuri tu. Leo ukitengeneza programu ya simu unaweka maneno ya Kiswahili katika faili lake na ya Kiingereza katika faili lake, bila kugusa programu yenyewe. Wazo ni lilelile, miaka tisini iliyopita, juu ya lori! Na pale ambapo santuri haikutosha, mkalimani alishika kipaza sauti akaeleza kinachoendelea. Ukimsikia DJ Afro akitafsiri filamu ya mapigano kwenye kibanda cha video hapa Kibera, ujue kazi yake ina mababu.

Jambo la pili ni lori lenyewe. Lilibeba projekta, skrini, spika na jenereta, na lilibeba watu wa kuviendesha. Hakuna aliyetegemea kukuta stima kijijini. Mashine, umeme na opereta vilisafiri pamoja kama kitu kimoja.

Sitaki kuusifu mradi ule kupita kiasi. Watazamaji hawakuulizwa wanataka kuona nini. Mwaka 1937 serikali za kikoloni zilikataa kuendelea kuugharimia ukafa, lakini miaka miwili baadaye, vita vilipoanza, London ikaunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyeamini kwamba Mwafrika anahitaji picha za polepole, zisizo na ujanja wa kamera, eti asichanganyikiwe. Na wakati wa Hali ya Hatari hapa Kenya, miaka ya 1950, magari ya sinema yalikuwa chombo cha propaganda, basi. Baada ya uhuru Wizara ya Habari iliendelea na magari yake, na ndiko mzee wetu alikopitia.

Nilipomfuata nyumbani kwake kumwuliza kuhusu kazi ile, hakunieleza habari za filamu hata kidogo. Alinieleza habari za joto. Projekta nyingi za milimita 16, kama zile za Bell & Howell, zilikuwa na balbu kubwa, wati 750 au hata 1,000, na swichi iliyokuwezesha kuzima balbu huku mota na feni vikiendelea kuzunguka. Sinema ikiisha, unazima balbu, unaiacha feni ipulize, unakunja waya za spika taratibu, ndipo unazima mota. Aliyezima kila kitu kwa mpigo mmoja alijua atakatwa kwenye mshahara. Hiyo ndiyo kazi ya opereta: kujua kwamba mwanga ni joto, na joto lina ratiba yake.

Sasa tuje kwenye hizi zetu. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments, Marekani, alibuni chipu iliyojaa vioo vidogo sana vinavyoinama huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde. Kioo kikiinama upande huu, mwanga unakwenda ukutani; upande ule, unapotea ndani ya mashine. Picha ya nukta 800 kwa 600 inataka vioo 480,000, vyote kwenye chipu unayoweza kuifunika kwa kidole gumba. Mwaka huohuo IBM ilitoa VGA, ile soketi ya bluu yenye matundu 15 ambayo bado utaikuta nyuma ya projekta za Luthuli. Epson walitoa projekta yao ya kwanza ya LCD, VPJ-700, mwaka 1989, na projekta za vioo zikaingia sokoni mwaka 1996. Hornbeck alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi ile mwaka 2015. Mhandisi kupata Oscar, hebu fikiria.

Lakini chipu haitoi mwanga. Mwanga ulitoka kwenye taa ya zebaki, aina ambayo Philips waliileta mwaka 1995 na wengine wakaiga. Na hapa ndipo nilipokosea. Ndani ya taa hiyo kuna kijumba kidogo cha kwazi. Ikiwaka, mvuke wa zebaki unafikia mgandamizo wa karibu mara 200 ya ule wa hewa tunayovuta. Cheche inayotoa mwanga wote ule ina urefu wa kama milimita moja tu. Kinacholinda hali hiyo isiharibike ni feni. Ukibonyeza kitufe cha kuzima mara mbili, taa inazimika lakini feni inaendelea dakika moja au mbili. Ni utaratibu uleule wa mzee, isipokuwa sasa umeandikwa ndani ya mashine.

Mimi nilikuwa nachomoa waya ukutani. Kila Jumamosi! Nilikuwa na haraka ya kufunga ukumbi, na ule mlio wa feni niliona kama usumbufu. Tena mita yetu ni ya tokeni, na mara kadhaa tokeni ziliisha katikati ya somo. Zikirudi, nabonyeza kuwasha hapohapo. Taa ya zebaki ikiwa moto haiwaki, kwa kuwa mgandamizo bado uko juu na umeme hauwezi kuruka ile milimita moja. Mashine inamulika kitaa chekundu, mimi nabonyeza tena, nabonyeza tena. Nayo chujio la hewa sikuwahi kulifungua. Siku nilipolifungua lilikuwa na blanketi la vumbi la barabara, unaweza kupanda sukuma wiki. Labda taa ilikuwa imechoka tangu dukani, sawa. Lakini hatukuipa nafasi.

Fikiria pia ukubwa wa jambo hili kitaifa. Kuanzia 2016 serikali ilisambaza vifaa vya Digital Literacy Programme katika shule za msingi za umma, zaidi ya 20,000: vishikwambi vya wanafunzi, laptopu za walimu, ruta, na projekta. Kifupi cha mradi ni DLP, sawa kabisa na kifupi cha teknolojia ya Hornbeck, jambo ambalo nadhani ni mimi peke yangu linanichekesha. Na tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, nchi nzima ikawa gizani kwa zaidi ya masaa matatu. Tumbili alisalimika. Sijui ni taa ngapi za projekta zilizimika ghafla siku ile zikiwa moto.

Projekta ya kidijitali ilibuniwa kwa ajili ya ofisi yenye stima isiyokatika na mtu wa kompyuta ghorofa ya pili. Tulipoipokea, tulipokea sanduku tu, lori na opereta vikabaki nyuma. Wako waliokumbuka, hata hivyo. FilmAid walipoanza kuwaonyesha wakimbizi filamu Kakuma mwaka 2001, walirudi kwenye lori: jenereta yao, skrini yao, watu wao waliofunzwa kazi hiyo.

Sisi projekta ya pili tuliipata mwaka 2020. Safari hii tulinunua UPS ndogo kabla hata ya kebo ya HDMI. Haitoshi kuendesha somo, ila inatosha kuipa feni dakika zake tokeni zikiisha. Chujio linapulizwa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Tuliinua meza ili picha ikae sawa bila kuinyoosha kwa menyu, kwa sababu kila unaponyoosha picha kwa menyu unatupa nukta ulizolipia. Na tuna opereta. Kwa sasa ni msichana wa kidato cha tatu, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa kitufe kile, hata mimi.

Tarehe 10 Agosti 2025 Harambee Stars walicheza na Morocco katika CHAN, pale Kasarani. Tulifunika madirisha kwa mablanketi, ukumbi ukajaa hadi mlangoni. Muda mfupi kabla ya mapumziko tokeni zikaisha. UPS ikaanza kulia, opereta akazima taa, feni ikaendelea. Mtu akanunua tokeni kwa simu, stima ikarudi haraka, na watu mia moja wakaanza kupiga kelele: "Washa! Washa!" Akakataa. Akasimama mbele ya meza, mkono mmoja juu ya projekta, anahesabu. Mzee alikuwa amekaa mstari wa mbele, na ndiye peke yake ambaye hakupiga kelele. Bao la Ryan Ogam tulilisikia kutoka nyumba ya jirani.